Jinsi ya kusoma eksirei ya kijana unayemshuku kuwa na uvimbe wa mfupa

Kila kundi jipya la matabibu na madaktari wanaoanza kazi huja na maswali yaleyale. "Hili doa jeusi kwenye mfupa ni saratani?" "Mtoto anaumwa goti wiki ya sita sasa, picha naiona sawa tu, nimrudishe nyumbani?" "Nilikuwa natafuta mvunjiko, nikakuta kitu kingine. Nifanyeje?" Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, tukiwa tumesimama mbele ya picha, na kila mara natamani ningekuwa nimeyaandika. Basi huu hapa mwongozo, kwa ajili ya anayesoma picha ya kwanza kabla bingwa hajafika.

Tua mzigo mmoja kwanza. Hudaiwi jina la uvimbe. Jina hutoka kwenye darubini ya patholojia, maabara inayochunguza vinyama vya mwili, tena mwanapatholojia naye huitaka picha yako kabla hajaamua. Unachodaiwa wewe ni uamuzi: niachane na kitu hiki, nikifuatilie, au nikipeleke mbele leo hii. Ukipatia hapo umefanya kazi kubwa kuliko aliyekariri majina ishirini.

Saratani za mifupa kwa vijana ni chache, na uchache huo ndio unaotuponza, maana daktari anaweza kukaa miaka bila kukutana nayo, na siku ikija anaiita maumivu ya kukua. Inayoongoza ni osteosakoma, saratani ambayo yenyewe hutengeneza mfupa. Hushika zaidi kati ya miaka 10 na 20, mfupa unaporefuka kwa kasi, na zaidi ya nusu yake hukaa kuzunguka goti. Inayofuata ni sakoma ya Ewing. Enzi za upasuaji bila kemotherapi (dawa za saratani), wagonjwa wa osteosakoma waliopona hawakufika 20 kwa kila 100, hata waliokatwa mguu mzima. Siku hizi, ikikutwa haijasambaa na ikatibiwa kwa dawa pamoja na upasuaji, wanaopona ni kati ya 60 na 70 kwa kila 100. Ndiyo maana picha ya kwanza ina uzito.

Kabla hujaanza

Usiisome picha kabla hujawa na haya:

- Umri wa mgonjwa kwa miaka. Neno "kijana" kwenye fomu halitoshi. Miaka 4, 14 na 24 ni orodha tatu tofauti za magonjwa.
- Habari ya maumivu. Yalianza lini? Yapo hata akiwa amelala? Yanamwamsha usiku? Kuna uvimbe unaoshikika kwa mkono? Homa? Amekonda?
- Picha mbili za sehemu ileile, moja ya mbele na moja ya ubavu. Uvimbe uliokaa nyuma ya mfupa wa paja unaweza kujificha kabisa kwenye picha ya mbele.
- Picha inayofika mbali vya kutosha. Niliwahi kuletewa picha ya goti iliyokatwa sentimita chache tu juu ya kiungo. Pale juu kabisa, ukingoni mwa fremu, gamba la mfupa wa paja, yaani tabaka lake gumu la nje, lilikuwa limeanza kuota manyoya. Aliyeisoma aliandika "goti ni zima", na kweli goti lilikuwa zima. Tulipopiga paja lote, ugonjwa ulikuwa mrefu kama kiganja.
- Picha za zamani, kama zipo. Doa lililokuwapo miaka miwili iliyopita na halijabadilika linakupa jibu ambalo hakuna mashine itakupa.
- Skrini nzuri na chumba chenye mwanga hafifu. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ni ya kuombea ushauri tu. Usiitolee uamuzi, kwa sababu mistari myembamba ya utando wa mfupa hupotea humo.

Hatua ya 1: Hakikisha picha ni ya mtu huyo

Jina, tarehe, upande wa kulia au kushoto. Nusu dakika tu.

Hatua ya 2: Tazama sahani ya ukuaji

Ni ule mstari mweusi unaotenganisha kichwa cha mfupa na sehemu inayofuata. Uko wazi, au umeshafungwa? Jibu hili peke yake hupunguza orodha nusu nzima.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, osteosakoma ni nadra sana. Ukiona mifupa yake imeliwa, fikiria maambukizi, leukemia (saratani ya damu), au neuroblastoma (saratani ya neva ya watoto wadogo) iliyosambaa kutoka tumboni. Kati ya miaka 10 na 20, osteosakoma na Ewing ndizo za kuziogopa. Uvimbe wa seli kubwa, ule unaokaa mpaka chini ya uso wa kiungo, karibu kila mara husubiri sahani ifungwe; kwa hiyo usiuandike kwa mtoto mwenye sahani iliyo wazi bila sababu nzito.

Kosa la kawaida: kuuona mstari wa ukuaji na kuuita ufa, au kinyume chake. Ukisita, piga picha ya upande wa pili ulinganishe. Mwili wa mgonjwa mwenyewe ndio kipimo chako kizuri kuliko vyote.

Hatua ya 3: Sema kiko wapi

Sema kwa sauti ukiweza: mfupa gani, sehemu gani ya mfupa, katikati au pembeni.

Mfupa mrefu una sehemu tatu za kukumbuka. Epifisi ni kichwa, upande wa kiungo. Metafisi ni ile sehemu pana inayofuata baada ya sahani ya ukuaji. Diafisi ni mhimili wa katikati. Osteosakoma hupenda metafisi: mwisho wa chini wa mfupa wa paja, mwisho wa juu wa goko, mwisho wa juu wa mfupa wa mkono karibu na bega. Ewing hupenda diafisi na mifupa bapa kama nyonga, mbavu na bega. Ukikuta kitu ndani ya epifisi wakati sahani bado iko wazi, fikiria kondroblastoma, uvimbe wa gegedu usio saratani, na usisahau maambukizi, kifua kikuu kikiwemo.

Katikati au pembeni nako kuna maana. Kifuko cha maji cha kawaida hukaa katikati, mara nyingi kwenye mfupa wa mkono karibu na bega. Kifuko cha damu hukaa pembeni na kulivimbisha gamba kama puto.

Hatua ya 4: Fuata ukingo kwa kidole

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Weka kidole au kishale cha kompyuta kwenye mpaka kati ya mfupa mzima na mfupa mgonjwa, kisha kizungushe polepole mpaka urudi ulipoanzia. Njiani jiulize swali moja: mpaka huu ninaweza kuuchora kwa kalamu yenye ncha nyembamba?

Ukiweza kuuchora, na umezungukwa na utepe mweupe, mfupa umepata muda wa kujijengea ukuta. Kitu hicho kinakua polepole, na karibu kila mara si saratani.

Ukiweza kuuchora lakini utepe mweupe haupo, kasi imeongezeka. Bado kinaweza kuwa kitu cha amani, ila sasa uwe macho.

Ukishindwa kuuchora, kwa sababu mfupa unafifia tu taratibu na huoni ugonjwa unaishia wapi na uzima unaanzia wapi, hapo una kitu chenye kasi. Wakati mwingine mfupa huonekana kama ubao uliobunguliwa, matundu makubwa kwa madogo yakiwa yamepakana. Wakati mwingine umbo lote la mfupa lipo, lakini vitundu vidogo mno vimelijaza kama chekecheke, na jicho la haraka hulipita bila kusimama. Aina hii ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, na ndiyo inayokosewa zaidi. Gwilym Lodwick, mtaalamu wa radiolojia wa Marekani, ndiye aliyezipanga kingo hizi kwa ngazi, kutoka tulivu hadi kali, na ngazi zake bado tunazitumia kila siku.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: ukingo unakuambia kasi, haukuambii jina. Maambukizi makali hula mfupa haraka kuliko saratani nyingi. Ya pili: eksirei haioni upungufu mpaka mfupa upoteze kiasi cha asilimia 30 hadi 50 ya madini yake mahali hapo. Kwa hiyo "sioni kitu" na "hakuna kitu" ni sentensi mbili tofauti, na usiiandike ya pili ukimaanisha ya kwanza.

Hatua ya 5: Soma gamba na utando wake

Mfupa umefunikwa na utando mwembamba ambao kwenye eksirei hauonekani kabisa mpaka usumbuliwe. Ukisukumwa kutoka ndani, hujibu kwa kutengeneza mfupa mpya. Namna unavyojibu inategemea umepewa nafasi kiasi gani.

Ukipewa nafasi, hujenga tabaka moja nene, laini, lililoshikamana na gamba. Hivi ndivyo unavyouona kwenye mvunjiko unaopona au maambukizi ya muda mrefu.

Ukisukumwa, ukatulia, ukasukumwa tena, hujenga tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Sakoma ya Ewing inajulikana kwa hili, lakini maambukizi nayo huiga vizuri sana.

Usipopewa nafasi hata kidogo, mfupa mpya huota wima kama nywele zilizosimama, au hutawanyika kama miale ya jua linapochomoza. Hapo osteosakoma ipande juu ya orodha yako.

Halafu kuna pembetatu ya Codman. Utando umenyanyuliwa ghafla, katikati umeshazidiwa, na kilichobaki ni kipembe kidogo mwishoni, pale ambapo bado umeshika gamba. Imepewa jina la Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston. Wanafunzi wengi huiandika kana kwamba ni muhuri wa osteosakoma. Sivyo. Chochote kinachonyanyua utando kwa nguvu kinaweza kuifanya, usaha na damu vikiwemo. Inachothibitisha ni haraka.

Namna ya kuitafuta: kuza picha, kamata gamba sehemu unayojua ni nzima, kisha lifuate kuelekea kwenye ugonjwa. Pembetatu hukaa mpakani, juu au chini ya uvimbe. Anayetazama katikati pekee haioni.

Ukiwa hapohapo tazama gamba lenyewe. Limesukumwa nje likawa jembamba lakini halijakatika? Limetafunwa kutoka ndani? Limetobolewa kabisa? Tundu kwenye gamba la mtoto asiyeumia popote ni sababu tosha ya kupiga simu.

Hatua ya 6: Tazama kilichomo ndani

Weupe kama wingu, usio na mpangilio, ni mfupa unaotengenezwa na uvimbe wenyewe. Weupe huo ukiuona ndani ya mfupa, na zaidi ukiuona umemwagika nje kwenye nyama, ni osteosakoma mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vipete na nusu duara vidogo ni gegedu. Ukungu wa kijivu kama kioo kilichopumuliwa ni displasia ya nyuzi, yaani nyuzi zilizochukua nafasi ya mfupa. Weusi mtupu hausemi mengi; rudi kwenye ukingo.

Hatua ya 7: Toka nje ya mfupa

Wengi huishia kwenye mfupa. Rekebisha mwanga wa skrini kidogo utazame nyama. Mistari ya mafuta kati ya misuli iko mahali pake? Uvimbe huisukuma mistari hiyo ikapinda. Maambukizi huifuta ikapotea kwenye maji. Si sheria isiyovunjika, ila inasaidia. Ewing hasa hupenda kuficha donge kubwa nje ya mfupa ambao wenyewe unaonekana umechokozwa tu.

Hatua ya 8: Amua

Vya kuachana navyo vipo, na ukivijua utawaokoa watoto wengi na visu visivyohitajika. Doa jeusi la pembeni, limeegemea gamba la metafisi, lina mawimbi na utepe mweupe safi, mtoto haumwi, umelikuta kwa bahati: hiyo ni fibroma isiyojenga mfupa, uvimbe wa nyuzi usio saratani. Huziba yenyewe na umri. Usiikate, wala usiagize kipimo kingine. Ikiwa kubwa kiasi cha kuchukua zaidi ya nusu ya upana wa mfupa, mwone bingwa kwa sababu ya hatari ya kuvunjika. Osteokondroma nayo, kile kichomozo cha mfupa kinachoelekea mbali na kiungo, huachwa kama haisumbui. Uhakika wake ni mmoja: gamba na uboho wa mfupa mkuu lazima viingie moja kwa moja kwenye kichomozo bila ukuta kati yao. Ikiendelea kukua baada ya sahani ya ukuaji kufungwa, au ikianza kuuma bila kugongwa, ipeleke.

Vya kupeleka bila kukimbia ni kama kifuko cha maji, displasia ya nyuzi, na osteoidi osteoma, uvimbe mdogo wa mfupa usio saratani. Hii ya mwisho ina kisa chake: maumivu makali ya usiku yanayotulia kwa aspirini au ibuprofeni, na kwenye picha gamba limenenepa kuzunguka kitundu cha chini ya sentimita 2. Kitundu chenyewe mara nyingi hufichwa na huo unene, na CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha vipande, ndiyo hukitoa hadharani.

Vya kupeleka leo: ukingo usiochorika, utando wenye miale au maganda au pembetatu, gamba lililotobolewa, weupe wa mawingu, donge nje ya mfupa. Kimoja kinatosha. Usisubiri viwe viwili.

Ukisita kati ya makundi mawili, chagua lile zito.

Hatua ya 9: Andika, peleka, na usikate

Ripoti isiwe ndefu. Mfano: "Miaka 14, sahani ya ukuaji iko wazi. Metafisi ya chini ya mfupa wa paja wa kulia. Ukingo hauchoriki. Weupe wa mawingu, miale ya utando, pembetatu ya Codman upande wa juu, donge kwenye nyama. Nashuku saratani ya mfupa. Naomba apokewe haraka." Aliyeko upande wa pili akisoma hayo ataelewa kila kitu.

Sasa tahadhari kubwa kuliko zote kwenye mwongozo huu. Usichukue kinyama cha kupima hapo ulipo kwa nia ya kuokoa muda. Njia ya sindano au kisu huchafuliwa na seli za saratani, na daktari atakayefanya upasuaji mkuu atalazimika kuiondoa njia hiyo pamoja na uvimbe. Ikipita mahali pabaya, au mkato ukiwa wa kukatisha mguu badala ya kufuata urefu wake, mguu uliokuwa unaokolewa unakatwa. Nimeliona hilo, na mzazi hawezi kusamehe. Biopsi, yaani huko kuchukua kinyama, hufanywa kule kule atakakopasuliwa, na MRI (picha ya sumaku) ya mfupa wote hutangulia ili kutafuta vidonda vilivyoruka mbali na kidonda kikuu ndani ya mfupa huohuo. Mapafu nayo hupigwa CT, kwa kuwa ndiko osteosakoma hukimbilia kwanza.

Tuisome picha moja pamoja

Mvulana wa miaka 14. Mpira ulimgonga juu ya goti miezi miwili iliyopita. Alichuliwa, akapewa dawa za maumivu, akapata nafuu kidogo. Sasa anachechemea na usiku halali.

Sahani ya ukuaji iko wazi. Nzuri, tumejua orodha yetu. Kiko metafisi ya chini ya paja, upande wa ndani. Tunazungusha kidole: upande wa juu tunapotea kabisa, mfupa unafifia mpaka katikati ya paja. Tunalifuata gamba kutoka juu kushuka. Limenyooka, limenyooka, kisha ghafla kuna ukucha mweupe umenyanyuka kando yake. Hiyo ndiyo pembetatu. Chini ya ukucha, miale mifupi inaingia kwenye nyama, na kati ya miale kuna weupe mchafu usio na umbo. Kwenye picha ya ubavu donge limesukuma mafuta ya nyuma ya goti.

Je, mpira? Mpira haukusababisha uvimbe. Ulifanya tu watu wautazame mguu. Vijana wengi wenye saratani ya mfupa wana kisa cha kuanguka au kugongwa, kwa sababu vijana wote huanguka na kugongwa. Kisa hicho kisikutoe kwenye picha.

Ukikwama

*Picha ni safi, mtoto bado anaumwa.* Rudia eksirei baada ya siku 10 hadi 14. Maambukizi ya mfupa na ufa wa uchovu (wa mfupa uliotumika kupita kiasi) huchelewa kuonekana kwa muda kama huo. Maumivu ya usiku yasiyokoma yanastahili MRI hata kama picha zote mbili ni safi. Kumbuka pia kwamba maumivu ya kukua huwa ya miguu yote miwili na asubuhi mtoto hukimbia kama kawaida. Mguu mmoja, sehemu ileile kila siku, si maumivu ya kukua.

*Goti linauma, picha ya goti ni safi.* Piga nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kilichoteleza humfanya kijana alalamikie goti wakati ugonjwa uko juu. Nyonga ya mtoto isiyopigwa picha ni kosa la kawaida kuliko saratani yenyewe.

*Ni maambukizi au ni Ewing?* Kwa eksirei peke yake huwezi kujua siku zote, wala usijilaumu. James Ewing aliueleza ugonjwa huu mwaka 1921, na tangu hapo umeendelea kujivika nguo za maambukizi: homa, chembe nyeupe za damu kupanda, ESR (kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi) kupanda, hata kulainika kama usaha. Tahadhari ni moja: kila kinachotolewa kwenye mfupa, hata kikifanana na usaha mtupu, kipelekwe maabara mbili, ya vijidudu na ya patholojia. Na kijana aliyepewa antibiotiki kwa maambukizi ya mfupa akakaa wiki mbili bila nafuu, picha yake isomwe upya tangu hatua ya kwanza.

*Amevunjika, na pale pa mvunjiko pana kitu.* Jiulize kama nguvu iliyomvunja inalingana na mvunjiko. Mtoto aliyevunjika mkono kwa kurusha jiwe tu alikuwa na mfupa dhaifu. Ukiona kipande kidogo cha mfupa kimeanguka na kutua chini ya uwazi mweusi, ni kifuko cha maji, kwa sababu ndani hakuna kitu kigumu cha kukizuia. Kama si hivyo, funga kwa plasta na upeleke. Usikubali fimbo ya chuma iingizwe kabla ya utambuzi; itasafirisha saratani kutoka mwanzo wa mfupa hadi mwisho wake.

*Kuna mfupa ndani ya msuli baada ya kuumia.* Tazama ugumu uko wapi. Ukiwa pembeni, kama ganda la yai, na katikati ni laini, ni msuli uliojenga mfupa baada ya jeraha. Osteosakoma hugeuza mpango huo: katikati ndiko kugumu. Msuli huo ukichukuliwa kinyama mapema mno, darubini inaweza kuuita sakoma kimakosa. Subiri wiki tatu hadi nne, piga tena.

*Mwongozo wa kazini hausemi haraka ni lini.* Uingereza, kwa mfano, inashauri mtoto au kijana mwenye uvimbe wa mfupa au maumivu yasiyo na maelezo apigwe eksirei ndani ya saa 48, na picha ikitia shaka aonwe na mtaalamu ndani ya saa 48 nyingine. Chukua hicho kuwa kipimo chako.

*Mama anauliza, "Daktari, ni kansa?"* Usimwambie si kansa ili atulie, wala usimwambie ni kansa wakati hakuna aliyepima. Mwambie ulichokiona: "Mama, mfupa wa mwanao una kitu ambacho sipendi sura yake. Sijui jina lake. Kuna wataalamu wa kukipima, na nataka wamwone wiki hii." Mwonyeshe kwenye picha, aweke kidole. Mweleze mtoto asicheze wala kukanyagia mguu huo kwa nguvu, na mguu usichuliwe. Mpe nakala ya picha, si ripoti tu. Kisha mwandikie namba ya simu ya huko anakokwenda, uchukue na yake, na siku ya miadi ikipita mpigie wewe mwenyewe umuulize kama walimpokea.